Salmi Manja ana jina lake

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka mingi na sijawahi kukuandikia, lakini ile makala yenu ya waandishi wa Kimalei imenishinda kunyamaza. Salmi Manja mmempa sentensi moja tu, kwamba alikuwa mke wa A. Samad Said, mwandishi maarufu wa Malaysia. Riwaya zake hamkutaja hata moja.

Mama huyu, ambaye jina lake hasa ni Saleha Abdul Rashid, alizaliwa Singapore mwaka 1937 na akafanya kazi ya uandishi wa habari wakati wanawake katika kazi hiyo walikuwa wa kuhesabika. Mwaka 1960 akatoa Hari Mana Bulan Mana, riwaya inayomhusu msichana mwanahabari. Riwaya ya Salina, iliyompa mumewe umaarufu, ilitoka 1961. Ya mke ilitangulia! Baadaye akaandika Dari Mana Punai Melayang, mbali na hadithi fupi na mashairi.

Nilipokuwa nasoma Kuala Lumpur niliingia duka moja la vitabu kuulizia hiyo riwaya ya 1960. Kijana wa dukani akanipeleka moja kwa moja kwenye rafu ya mumewe, akachomoa Salina na kunikabidhi, eti hiki ndicho watu wanachonunua. Nikamwandikia jina la mwandishi ninayemtaka nyuma ya risiti ya chai. Akalisoma, akaniangalia. "Huyu si mkewe? Kumbe naye aliandika?" Nilitoka pale nimekasirika mpaka nikasahau mwavuli wangu kaunta, na mvua ya kule haina huruma. Sasa kijana wa dukani naweza kumsamehe, kazi yake ni kuuza. Ninyi kazi yenu ni kutafuta habari, na mmeandika yale yale!

Na si yeye peke yake. Tuzo kubwa ya fasihi ya Malaysia, Sasterawan Negara, ilianza kutolewa 1981. Mwanamke wa kwanza kuipata, mshairi Zurinah Hassan, alisubiri mpaka 2015. Miaka 34, na muda huo wote walikuwapo kina Adibah Amin na Khadijah Hashim, waliokuwa wakiandika riwaya tangu miaka ya 60. Hata waandishi wetu wa kike wa hapa nyumbani, mkiwahoji mnawauliza wanapika saa ngapi na watoto wanabaki na nani, kisha mahojiano mnayabana kwenye ukurasa wa mapishi.

Ninaomba Jumamosi ijayo mtoe nusu ukurasa juu ya Salmi Manja. Picha iwe yake peke yake, kila riwaya itajwe na mwaka wake, na mume asitokee kabla ya aya ya nne. Mwandishi wenu aisome kwanza Hari Mana Bulan Mana. Nakala yangu, niliyoipata baadaye kwa muuza vitabu vikuukuu, ipo. Nitamwazima, ila airudishe.

Msomaji wako,
Tanga