Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mwaka Tuliosoma Merikani

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum.

Mkutano uliopita uliamua mwaka mzima tusome jambo moja: jinsi viwanda vilivyowageuza wakulima, wafanyakazi na siasa za Marekani katika karne ya 19. Wako waliouliza sisi na huko wapi na wapi. Bi. Katibu aliwajibu kwa kitambaa. Alikuja na pande la merikani alilonunua Darajani, akalikunjua mezani: zito, halijapaushwa, ukilipapasa unakuta vifundo vya uzi. Kina mama walilitambua kabla hajafungua kinywa.

Jina hilo tuliachiwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliokuwa wakitia nanga Unguja tangu kabla ya mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani. Katika jimbo hilohilo, kwenye viwanda vya Lowell, wafumaji wengi walikuwa wasichana waliotoka mashambani, wakiamshwa kwa kengele na kusimama mashineni zaidi ya saa 12 kwa siku. Ujira ulipopunguzwa mwaka 1834 waligoma, na 1836 wakagoma tena, mara hii kwa ajili ya gharama za bweni. Pamba yenyewe ilichumwa na watumwa wa Kusini. Nilipotamka hayo ukumbi ulinyamaza, maana majora yaliyofumwa kwa pamba hiyo yalishushwa katika mji wetu, ambao nao ulikuwa na soko la watumwa.

Wakulima walituchukua vikao vitatu, na sijutii. Sheria ya 1862 ilimpa mtu ekari 160 akiishi na kulima, na mwaka 1869 reli ikaunganisha mashariki na magharibi. Mkulima wa Kansas akaweza kufikisha ngano mbali. Lakini nauli ya mzigo ilipangwa na kampuni ya reli, ghala lililopima na kupanga daraja lilikuwa la mtu mwingine, na bei ilitoka masoko ya ng'ambo. Bei iliposhuka, deni la benki lilibaki palepale. Akalazimika kuuza magunia mengi zaidi kulipa dola ileile. Wenzetu waliowahi kupeleka karafuu kwenye mizani ya mnunuzi hawakuhitaji maelezo.

Ndipo wakaingia siasa. Chama cha wakulima kilichoanzishwa 1867, Grange, kiliyasukuma majimbo kama Illinois kuweka ukomo wa tozo za maghala na reli. Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali mwaka 1877, ikapunguza nguvu za majimbo juu ya reli 1886, na mwaka uliofuata Bunge la nchi likaunda tume ya kusimamia reli. Wafanyakazi walikuwa na vita vyao: mgomo wa reli wa 1877 ulioanzia Martinsburg, West Virginia, ujira ulipokatwa, hadi jeshi likatumwa, kisha Chicago, Mei 1886, kudai saa nane za kazi. Mei Mosi yetu imetoka huko.

Mwaka 1892, mjini Omaha, chama cha Populist, kilichotokana na vuguvugu la wakulima, kilidai reli ziwe za serikali, kodi ya mapato iongezeke kadiri ya kipato, na maseneta wachaguliwe na wananchi. Mgombea wao wa urais, James Weaver, alipata kura zaidi ya milioni 1. Mimi naamini kilichowaangusha ni kushindwa kuwa kitu kimoja. Mkulima alitaka ngano ipande, mfanyakazi wa mjini alitaka mkate wa bei nafuu. Na huko Kusini ubaguzi uliwatenga wakulima weupe na weusi waliokuwa na deni la namna moja. Mwaka 1896 walimuunga mkono William Jennings Bryan, mgombea urais wa chama cha Democratic, akashindwa na William McKinley wa Republican. Hata hivyo, kodi ya mapato na uchaguzi wa maseneta viliingia katika katiba mwaka 1913, wengi wao wakiwa wameshazikwa.

Mahudhurio yalipungua wakati wa mavuno ya karafuu. Mwakani tutahamishia vikao jioni. Tutaanza na mgomo wa 1894 wa Pullman, kampuni ya mabehewa ya reli. Ada zipokelewe na Mweka Hazina leo kabla ya chai, na lile pande la merikani libaki kabatini, mali ya chama.