Barua ya wazi kwa vijana wapiga muziki wa Mtwara na Lindi mnaotaka kwenda nje

Wanangu na wajukuu zangu, nawasalimu wote, wa Mtwara mjini, Mikindani, Masasi, Newala, Nachingwea mpaka Lindi na Kilwa, mnaopiga gita, mnaoimba, mnaotengeneza biti kwenye simu, na nyie wa kwaya pia. Mipango yenu nimeisikia. Kila msimu wa korosho ukiisha na hela ikishaingia mfukoni kuna kundi linapanga safari, mmoja Sauzi, mwingine Oman, mwingine anasema akishafika Dar atajua hukohuko, na ukimuuliza unaenda kufanya nini anakujibu muziki. Siwakatazi. Muziki ni kazi kama kazi nyingine, mimi mwenyewe tarumbeta limenilisha na limesomesha watoto wangu. Ila kabla hamjapanda basi naomba niwasimulie habari za mtu mmoja aliyeondoka kwao na tarumbeta, maana naona kuna mambo kwake yanawahusu nyie moja kwa moja.

Aliitwa Hugh Masekela. Kazaliwa 1939 Witbank, mji wa migodi ya makaa ya mawe kule Afrika Kusini, akalelewa na bibi yake ambaye alikuwa anawauzia pombe wachimba migodi, biashara ambayo serikali ya makaburu iliipiga marufuku. Wale wachimbaji walitoka kila upande, Msumbiji, Malawi, Lesotho, wakishakunywa wanasimulia habari za kwao na kuimba nyimbo za kwao na mtoto yupo pembeni anasikiliza. Sisi watu wa kusini hili halihitaji maelezo, nani hapa hana babu au jamaa aliyevuka Ruvuma kuja kukata mkonge Lindi? Baadae sana Masekela alitunga wimbo wa treni inayowabeba wale vibarua kwenda mgodini, na ukiusikiliza unaona kabisa aliutoa pale pale kwa bibi yake.

Sasa sikilizeni hili. Shuleni St Peter's, Johannesburg, alikuwa mtukutu, walimu wamemchoka. Padri mmoja akamkalisha akamuuliza, hivi wewe unataka nini hasa? Akasema nikipata tarumbeta sitamsumbua mtu tena. Padri akamtafutia tarumbeta, na hakuishia hapo, akamtafutia na mwalimu, mzee mmoja aliyekuwa anapiga kwenye bendi ya matarumbeta ya manispaa. Wenzake kuona vile nao wakataka vyombo, wakapata, ikawa bendi. Halafu yule padri akarudishwa Uingereza, akapitia Marekani akakutana na Louis Armstrong mwenyewe, yule mpiga tarumbeta mkubwa wa Marekani, akamsimulia habari za wale watoto, na Armstrong akawatumia tarumbeta lake.

Padri huyo ni Trevor Huddleston. Wazee wa Masasi mkisikia jina hilo mnajua namzungumzia nani, ndo yule yule Askofu Huddleston aliyekuja kwetu 1960 akakaa mpaka 1968, yule mrefu mwembamba, akajifunza Kiswahili chetu na kuzunguka vijiji vyetu. Sisi tuliokuwa watoto miaka ile tulikuwa tunamuona anapita na hatukujua kabisa kwamba ndo aliyemtia tarumbeta mkononi kijana ambaye dunia nzima ilikuja kumjua. Mimi nilijua nikiwa mtu mzima tayari napiga kwenye bendi, na siku hiyo nilifurahi kama nimepata ndugu.

Turudi kwenye safari. Masekela aliondoka kwao 1960, mwaka ambao polisi waliwaua watu 69 pale Sharpeville. Lakini angalieni aliondoka akiwa nani. Alishapiga kwenye bendi ya Jazz Epistles, yumo Abdullah Ibrahim kwenye piano, yumo Kippie Moeketsi na saksafoni, Jonas Gwangwa na tromboni, na walishatoa albamu nzima ya jazz. Yani tayari ni fundi. Na fundi huyo alipofika London akaingia chuo cha muziki, Guildhall, kisha New York akaingia Manhattan School of Music, akakaa darasani miaka kama wanafunzi wengine. Nawaambia hivi kwa sababu kati yenu kuna waliorekodi nyimbo mbili tatu, redio ikazicheza, na sasa wanaona kumuuliza mtu "hii kodi ya gita inashikwaje" ni kujishusha. Jamani. Ukifika ugenini hakuna anayejua ulikuwa staa wa mtaa gani, wanakupa gita wanakwambia piga, basi.

Na pale New York kulikuwa na jambo lingine ambalo kwangu ndo kubwa kuliko yote. Kijana alitaka kupiga kama Wamarekani, kama wale mabingwa wa tarumbeta kina Dizzy Gillespie na Miles Davis, na nani angemlaumu. Lakini wenyewe wakamwambia wapiga jazz hapa tuko wengi, wewe tia humo vitu vya kwenu. Miles Davis alimwambia hivyo, mwimbaji Harry Belafonte alimwambia hivyo. Akasikia. Akaanza kuingiza midundo ya vitongoji vya kwao, na 1968 wimbo wake usio na hata neno moja la kuimba, Grazing in the Grass, ukashika namba moja Marekani nzima. Mtu wa Witbank!

Sasa nyie mna nini cha kutia humo? Hilo ndo swali langu kwenu. Nawasikia mnapiga, wengi mnajua, ila nikifumba macho siwezi kujua kama niko Mtwara au niko Lagos. Singeli pigeni, bongo fleva imbeni, sina ugomvi. Lakini ngoma yetu ya sindimba mmeiacha kwa vikundi vya kupokea wageni uwanja wa Nangwanda, na zile ngoma ndogo zenye mguu uliochongoka, zinazochomekwa chini na kupigwa kwa vijiti, nani kati yenu anajua kuzipiga? Wazee wanaozijua bado wapo Newala na Kitangari huko, wako hai, nendeni na simu mrekodi, kaeni nao, muwape chochote, mjifunze kuzishika kwa mkono sio kwa kusikia tu. Huyo mzee akiondoka hamtazipata tena popote.

Sitawaficha na upande mgumu. Umaarufu ulipokuja, pombe na madawa vilikuwa vimeshamshika, na vilimshika miaka mingi sana, mpaka 1997 ndo akaenda kutibiwa Uingereza akaacha, na alisema hadharani bila kuficha, kisha akawa anawasaidia wasanii wenzake wenye tatizo hilo hilo. Upweke wa ugenini ni kitu kizito. Miriam Makeba, yule mwimbaji wa Afrika Kusini ambaye aliwahi kuwa mke wake, mama yake alifariki 1960 na yeye hakuweza kwenda kuzika kwa sababu paspoti yake ilishafutwa. Masekela mwenyewe alikaa miaka 30 bila kukanyaga kwao. Kila akipata nafasi alikuwa anasogea karibu, Guinea, Ghana, Kinshasa 1974 kwenye lile tamasha kubwa la muziki, halafu miaka ya 80 akahamia Botswana kabisa, pale mpakani. Juni 1985 jeshi la makaburu likavamia Gaborone usiku likaua watu 12, ikabidi aondoke tena. Nyumbani alirudi 1990.

Sasa nyie wa kuzamia, nyie mnaotaka kupita vichochoroni mpaka Sauzi bila karatasi, hapa ndo napata uchungu. Masekela alifungiwa mlango na watu wabaya. Wewe unaujifungia mwenyewe! Ukishaingia bila kibali huwezi kusaini mkataba, huwezi kudai ukidhulumiwa hela ya shoo, na mama akiumwa huwezi kuja. Chukua paspoti, tafuta kibali, hata ikichukua msimu mzima wa korosho mwingine. Na nyimbo zako zisajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kabla hujaondoka.

Wazazi na nyie nawaomba kidogo. Mtoto mtukutu akiomba gita au tarumbeta msimjibu uhuni. Kama chombo kinauzika kwa bei yenu mnunulieni na mtafuteni wa kumfundisha, hata mwalimu wa kwaya anaweza kumwanzisha.

Mimi nipo. Kusoma nota nafundisha, sitozi kitu, tarumbeta ninalo moja la kufundishia na mwenye saksafoni imekaa kabatini aniletee tuitengeneze. Jumamosi jioni baada ya alasiri, waulizeni wapiga bendi wa zamani hapo mjini watawaleta nyumbani. Njooni na daftari na penseli, na anayeweza kuja na mzee mmoja wa ngoma kutoka kijijini kwao nitafurahi sana, nauli ya mzee nitatoa mimi.

Mzee wenu, Masasi