Dai orodha ya anwani kabla ya kumlipa mkandarasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wenye majengo na mameneja wao, hasa wa haya maghorofa ya vioo ya katikati ya jiji la Dar es Salaam. Mimi ni fundi wa viyoyozi na mifumo ya kuviendesha.

Februari niliitwa kwenye jengo moja, sitalitaja. Wapangaji wa ghorofa ya sita walikuwa wamelalamika wiki tatu. Upande mmoja wamevaa sweta, upande wa pili wamenunua feni za mezani, na madirisha ni yale yasiyofunguka. Mafundi walionitangulia walishabadilisha mota na vali, hali ikabaki ileile. Kwenye skrini ya mfumo, kontrola namba 48 (kontrola ni kifaa kidogo kinachokiongoza kiyoyozi) inaonekana, inapotea, inarudi na joto la chumba kingine. Namba 12 haipo kabisa.

Nikaomba orodha ya anwani, yaani namba ya kila kontrola na mahali ilipo. Hakuna. Mkandarasi alikabidhi funguo, akakabidhi hadi makopo ya rangi iliyobaki, akaenda zake. Nilipompigia akasema kila kitu kimo kwenye kompyuta. Kompyuta yenyewe ilishaungua.

Ikabidi nipande ngazi, nifungue dari kipande kwa kipande, siku mbili nzima. Kwa asiyejua: juu ya dari kila kiyoyozi kina kontrola yake, na zote zimefuatana kwenye jozi moja ya waya. Lugha yao ni BACnet, iliyotoka Marekani mwaka 1995, na kwenye waya wa namna ile huzungumza kwa zamu kama wakimbiaji wa kupokezana kijiti. Mwenye kijiti ndiye anayesema, kisha anampa mwenye namba inayofuata. Wawili wakiwa na namba moja, wote wananyoosha mkono, kijiti kinaanguka, na laini nzima inayumba pamoja na wasio na kosa.

Namba hupangwa kwa swichi nane, kila moja kama punje ya mchele. Ya kwanza ni 1, ya pili 2, halafu 4, 8, 16, 32, 64 na 128. Ukitaka 12 unapandisha ya tatu na ya nne. Kontrola iliyotakiwa kuwa 12 niliikuta imefungwa kichwa chini, na aliyeibadilisha akahesabu kutoka kushoto kama alivyozoea. Kwa hiyo alipandisha ya tano na ya sita: 16 na 32. Hiyo ni 48, na mwenye 48 yake alikuwapo siku zote, mwisho wa korido, juu ya choo cha wanaume. Simlaumu sana. Ukiwa juu ya ngazi, tochi mdomoni, vumbi la dari linakuingia shingoni, kulia na kushoto hubadilishana.

Nikarekebisha swichi, nikazima umeme wa kontrola na kuuwasha tena, maana nyingi husoma swichi pale zinapowaka tu. Fundi anayesahau hilo hushuka akidhani ameshindwa. Kazi ya dakika tano kwa bisibisi. Zile siku mbili za kutafuta amezilipa mwenye jengo.

Ndiyo maana nasema: kabla hujatoa fungu la mwisho, dai karatasi. Iandikwe kila kontrola iko wapi, inahudumia chumba gani, namba yake ya swichi, spidi ya mawasiliano kwenye waya, na namba ya pili ambayo kila kontrola huwa nayo mbali na ile ya swichi, na ambayo haitakiwi kujirudia popote jengoni. Nakala moja ibandikwe ndani ya mlango wa paneli, na anayebadilisha kontrola aongeze tarehe na sahihi yake. Wapo wakandarasi wanaoniambia orodha ni siri ya kampuni. Siri gani, na swichi ziko wazi juu ya dari? Wanataka tu waitwe wao.

Pale ghorofa ya sita kontrola zote 52 sasa zina namba kwa maka mweusi juu ya mfuniko, mwandiko wangu. Ghorofa nyingine tisa bado.

Fundi viyoyozi,
Ilala, Dar es Salaam