Barua ya wazi kwa wajukuu zangu mliozima filamu kabla haijaisha

Wajukuu zangu,

Hili jambo ninalo moyoni toka Jumamosi, nimejaribu kulinyamazia limekataa, kwa hiyo naandika, na naandika mbele za watu kwa sababu najua sio nyie peke yenu.

Mliweka American Graffiti, ile filamu ya George Lucas ya 1973, mkacheka karibu masaa mawili mazima, na mimi nilikuwa pembeni nimefurahi kabisa, miziki ile ilinirudisha mbali. Vijana wa Modesto, California, usiku mmoja tu wa mwisho wa likizo mwaka 1962, asubuhi yake wawili wanatakiwa wapande ndege waende chuo, na usiku kucha wanazunguka na magari kila mmoja anataka awe mtu mzima kabla hakujakucha. Mkapiga kelele kwenye mbio za magari, mkapiga kelele Terry, mmoja wa vijana hao, alipokuwa anahangaika kupata pombe. Halafu Curt, mmoja wa wale wawili wa chuo, akapanda ndege, ndege bado iko angani, mmoja wenu akachukua rimoti akabadilisha. Ati imeisha.

Haikuwa imeisha! Pale angani ndo zinakuja sura za wale vijana wanne, kila mmoja na maneno machache tu. John Milner, yule wa mbio za magari, aliuawa na dereva mlevi Desemba 1964. Terry, huyo mliyemcheka kuliko wote, alipotea vitani karibu na An Loc, Vietnam, Desemba 1965. Steve, yule mwingine wa chuo ambaye mwisho hakupanda ndege, ni wakala wa bima hapo hapo Modesto. Curt ni mwandishi, anaishi Kanada. Basi, hakuna anayelia wala anayehutubia. Hebu hesabuni wenyewe, toka usiku ule mnaoucheka mpaka Terry kupotea ni miaka mitatu na miezi kidogo, miaka mitatu jamani, hata simu zenu nyingine zina umri huo.

Na huyo Lucas hakuwa anatunga vitu asivyovijua. Yeye mwenyewe ni mtoto wa Modesto, alikuwa mwendawazimu wa magari, na Juni 1962, amebakiza siku chache amalize sekondari, alipata ajali iliyokaribia kumuua. Mtu wa namna hiyo akikuonyesha magari yanakimbia usiku usidhani anakwambia ukimbie.

Sasa nije kwa Carol, maana hapa ndo nilipoumia.

Carol ni yule binti mdogo ambaye dada yake na wenzake walimsukumia kwenye gari la Milner kama utani. Ana miaka 12, Milner ana 22. Binti anaongea kama mkubwa, anajidai, anataka watu wamuone yuko kwenye gari la kijana anayesifika mji mzima. Mmoja wenu, simtaji, ana miaka 13, akasema natamani ningekuwa yeye. Mkacheka, na sisi wakubwa tuliokuwepo tukacheka pia, na hicho kicheko chetu ndo kilichoninyima usingizi. Kwa sababu siku ile ile asubuhi huyo huyo alikuwa anajaza umri wa uongo kwenye simu, na mtu mzima mmoja akamwambia weka tu, mbona unaonekana mkubwa. Tunawafurahia watoto wanapofanana na watu wazima, tunawapiga picha, tunawasifia, halafu yakitokea ya kutokea tunauliza mama yake alikuwa wapi.

Mlimwangalia vizuri Carol lakini? Milner alishindwa kumrudisha kwao kwa sababu hataki kusema anapoishi, mwisho akaamua kumtisha, akajifanya anamtaka kweli, ati hawezi kujizuia tena. Mtoto akataja kwao hapo hapo! Ukubwa wote ule ulikwisha kwa sentensi moja. Na Milner akampeleka nyumbani, akampa kirungu cha gia ya gari lake kama zawadi. Wajukuu zangu, sio kila gari ni la Milner. Wengine hawaigizi, na hawakurudishi.

Tena niwaambie na hili, Mackenzie Phillips aliyeigiza Carol alikuwa kweli na miaka 12 wakati wanapiga ile filamu, na sheria ya California ilitaka awe na mlezi, ikabidi mtayarishaji Gary Kurtz awe mlezi wake kisheria mpaka kazi iishe. Yaani hata kuigiza tu mtoto mwenye haraka, ilibidi apatikane mtu mzima wa kuwajibika. Nyie na hizo simu mlezi wenu nani?

Na lile la mwisho, katika yale maandishi ya vijana wanne hakuna msichana hata mmoja. Laurie mpenzi wa Steve hakuna, Debbie aliyezunguka na Terry hakuna, Carol hakuna. Hatuambiwi waliishia wapi. Nimeishi muda mrefu na nawajua akina Carol wengi ambao hakuna aliyeuliza waliishia wapi.

Mimi niliacha shule nina miaka 16, sikufukuzwa, nilitaka hela yangu mwenyewe na niitwe mtu mzima. Nikaitwa. Wenzangu walipomaliza masomo walipita nyumbani wanacheka, mimi nimeshika ndoo, nikajificha nyuma ya mlango mpaka wakapita. Hii sijawahi kumsimulia mtu.

Mengine kwa ufupi. Usimtume mtu usiyemjua akununulie pombe, Terry alimtuma mmoja akaenda akaibia duka. Usipande gari kwa hasira za mapenzi, Laurie alifanya hivyo gari likapinduka likawaka moto, aliponea chupuchupu. Aliyebaki mjini sio mjinga, aliyeondoka sio msaliti. Mkimpenda mtu mwambieni.

Sijawakasirikia, nawapenda mno ndo maana nimeandika marefu hivi. Jumamosi njooni wote, na yule wa miaka 13 akae karibu na mimi. Tunaiweka tena toka mwanzo, na rimoti nakaa nayo mimi.

Bibi yenu