Barua ya wazi kwa shemeji anayetaka kuuaga mkahawa

Shemeji, salaam.

Dada ameniambia umeshaamua. Unanunua mashine ya espreso, tena ile ya kung'aa yenye saa ya mgandamizo kifuani, na siku itakapowekwa mezani, wewe na mkahawa ndiyo basi tena. Nilicheka kwanza. Kisha nikaona bora nikuandikie hadharani, kwa sababu wenye mpango kama wako ni wengi, na kwa sababu ujumbe wangu wa simu huwa unausoma nusu.

Mashine nunua, sina neno. Ninayoyapinga ni mawili: jinsi ulivyozigawa hela zako, na hiyo talaka unayompa mkahawa.

Tuanze na hela. Nasikia karibu zote zinakwenda kwenye mashine, na kusaga utasaga kwa kile kisagio cha viungo kilichopo jikoni. Hapana, shemeji. Kisagio kile kina visu vinavyozunguka na kukatakata ovyo, kwa hiyo kinakupa mapande, chenga na vumbi kwa mkupuo mmoja. Kahawa ya kuchemsha sufuriani inaweza kukuvumilia. Espreso haikuvumilii, maana hapo maji ya moto yanasukumwa kwa nguvu ya bari 9, kama mara 9 ya mgandamizo wa hewa tunayovuta, yapenye kwenye tabaka jembamba la unga ndani ya nusu dakika hivi. Maji yenye nguvu hiyo hayana subira. Yakikuta upenyo kati ya mapande, yote yanakimbilia hapo. Unga ulio kandokando ya upenyo unakamuliwa mpaka unatoa uchungu, na uliobaki unaloa tu bila kutoa kitu. Ndiyo maana watu wanapata kikombe kichachu na kichungu kwa wakati mmoja, halafu wanailaumu mashine.

Unachotaka ni kinu cha meno: vyuma viwili vinavyokabiliana, na nafasi iliyopo kati yao ndiyo inayoamua ukubwa wa chembe. Kwa espreso nafasi hiyo lazima uweze kuibadilisha kidogo sana, unywele kwa unywele, kwa sababu badiliko usiloweza hata kuliona kwa macho linaweza kuongeza au kupunguza sekunde kadhaa za mtiririko. Kama bajeti imebana, chukua cha mkono. Hela iliyokwepa mota inakwenda kwenye meno, na mkono wako utazoea. Ningepewa kuchagua kati ya mashine ya kawaida yenye kinu kizuri na mashine ya kifahari yenye kinu cha hovyo, nisingehitaji hata dakika moja ya kufikiri.

Na usibabaishwe na maandishi ya boksini. Wanaandika bari 15, wengine 20, kama vile nyingi ndiyo nzuri. Hiyo ni nguvu ya juu kabisa ya pampu. Kahawa yenyewe inataka karibu na 9, na mashine nzuri ina vali ya kuizuia isipite hapo. Kitu kingine cha kukagua ni kile kikapu cha chuma kinachowekwa unga. Mashine nyingi za bei nafuu huja na kikapu chenye kuta mbili, chini kina tundu moja dogo. Tundu hilo ndilo linalotengeneza mgandamizo badala ya unga wako, na linapuliza povu hata ukiweka kahawa iliyosagwa mwaka jana. Anza nacho ukipenda, lakini hakikisha dukani wanacho cha ukuta mmoja kinachoingia kwenye mashine hiyo. Bila hicho utakuwa unajifunza kupiga povu.

Maana najua wewe na povu. Lile tabaka la rangi ya dhahabu juu ya kikombe, krema, unaliona kama cheti cha ubora. Historia yake ni ya kufurahisha. Luigi Bezzera wa Milan aliomba hataza ya mashine yake mwanzoni mwa karne iliyopita, mwaka 1901, na mashine za wakati ule zilisukuma maji kwa mvuke. Nguvu yake haikuzidi sana bari 1 na nusu, na kahawa ilitoka haraka ila bila krema. Krema ililetwa na Achille Gaggia, Mwitaliano mwingine, aliyeachana na mvuke akatumia pistoni: miaka ya mwisho ya 1940 mashine zake za wenzo na springi zilikuwa zimeingia mikahawani, zinakandamiza maji kwa nguvu ambayo haikuwahi kuonekana. Mwaka 1961 kampuni ya Faema ikatoa mashine ya E61, yenye pampu ya umeme, barista, yaani mtengeneza kahawa wa mkahawani, akapumzisha bega. Kwa hiyo krema ni mafuta ya kahawa na gesi iliyobanwa kwa nguvu ikaachiwa ghafla. Inakwambia kwamba mgandamizo ulikuwepo na buni haijakaa mno. Utamu haiahidi, buni ya robusta hutoa krema nene kuliko arabika, na mara nyingi si ndiyo unayotaka kinywani. Ikoroge na kijiko kabla hujanywa, ionje ikiwa peke yake ikikupendeza. Ni chungu.

(Na ile birika ya Bialetti, aina iliyobuniwa mwaka 1933, unayoiita espreso kila nikija kwako, mgandamizo wake ni ule ule wa mvuke. Kahawa yake naipenda, lakini espreso siyo.)

Sasa kazi yenyewe. Washa mashine mapema. Taa ya kusema iko tayari inayatazama maji, haikitazami kile chuma kizito unapofunga kishikio cha kikapu, nacho kikiwa baridi kitayapoza maji kabla hayajafika kwenye unga. Ipe dakika 15 au 20, kishikio kikiwa kimefungwa mahali pake. Weka kikapu kwenye mizani, na hapa nakuomba usinunue mashine kama hutaki kununua mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Unga gramu 18, kama kikapu chako ni cha kiasi hicho. Vunja mabonge kwa sindano nyembamba, ukizungusha hadi chini, lisibaki fundo. Kisha shindilia. Watu watakwambia ukandamize kilo 15, sijui 20. Unga ukishashikana basi, nguvu ya ziada haiongezi kitu. Cha maana ni usawa. Ukishindilia upande, maji yatapita upande ulio mwembamba, na umerudi kule kule kwenye upenyo.

Weka kikombe juu ya mizani, bonyeza, anza kuhesabu. Sekunde za kwanza kimya. Kisha matone meusi mazito yanajitokeza chini ya kishikio, moja, jingine, yanaungana. Mtiririko unakuwa mwembamba wenye mkunjo kidogo, mabarista wanauita mkia wa panya, rangi ya kahawia iliyokolea na michirizi ya dhahabu. Taratibu unapauka, unanyooka, unaanza kuyumba. Mizani ikisoma karibu gramu 36, zima. Ikiwa hayo yamechukua sekunde 25 hadi 30 hivi, umo uwanjani.

Onja. Ikikuuma pembeni mwa ulimi, nyepesi, chachu ya kukunja uso, maji hayajatoa vya kutosha: saga laini zaidi kidogo. Ikiwa chungu, kavu, inaacha ukakasi kooni, yametoa kupita kiasi: saga kwa chembe kubwa kidogo. Gramu za kuingia usiziguse, za kutoka usiziguse, badilisha kinu peke yake mpaka ladha ikae. Ukigeuza vitatu kwa pamoja hutajua kipi kimekuokoa. Na sekunde zisikutawale. Sekunde 33 ikiwa tamu, kunywa. Buni iliyokaangwa kidogo, yenye rangi ya hudhurungi hafifu, ni ngumu zaidi kukamua, kwa hiyo mara nyingi inataka maji ya moto zaidi na kikombe kirefu zaidi, gramu 45 au hata 50 kwa 18 zile zile. Iliyokaangwa hadi ikatoa mafuta juu, ipunguzie joto na uizime mapema.

Lakini utajuaje kwamba ladha imekaa, kama hujawahi kuonja buni hiyo hiyo ikiwa imetengenezwa sawasawa? Hapo ndipo talaka yako inaponishangaza.

Nenda kwenye mkahawa mdogo wa mtu binafsi, wenye mwenyewe anayeshinda humo na kuwajua wakaangaji wake, uwe mtaani kwako au popote ulipo. Nenda asubuhi, wanapofungua, kabla foleni haijaanza. Utamkuta barista anapima unga, anakamua, anaonja kijiko kimoja, anamwaga sinki. Anazungusha kola ya kinu kidogo, anakamua tena, anaonja, anamwaga. Buni ni ile ya jana, mashine ile ile, ila buni imezeeka siku moja na hewa ya leo si ya jana, na kinu kilichokuwa sahihi jioni leo kinapitisha haraka. Huyu anafanya kwa siku nyingi za mwaka kile unachotaka kujifunza, na anakifanyia mbele yako. Mkahawa wa matawi mia, wenye mashine ya kubonyeza kitufe, hauna onyesho hilo.

Agiza espreso tupu. Usiwe na haya, maziwa yanaficha. Kisha muulize, ikiwa hana mtu nyuma yako: leo mnaweka gramu ngapi, zinatoka ngapi, kwa sekunde ngapi? Sijakutana na barista anayeipenda kazi yake akalificha jibu. Kisha nunua mfuko wa buni hiyo hiyo uende nayo nyumbani. Anza na namba zake. Kikombe chako kikiwa tofauti na chake, na hakika kitakuwa, tofauti hiyo ni ya mkono wako, kinu chako na maji yako, kwa sababu buni umeitoa kwenye mlinganyo. Hakuna video itakayokupa hilo, shemeji, kwa sababu video haionjeki.

Kwenye mfuko tafuta tarehe ya kukaangwa. Ile ya mwisho wa matumizi haina faida kwako. Buni iliyotoka kwenye kikaango jana usiikimbilie, bado imejaa hewa ya ukaa, itakutolea povu tele na ladha ya vurugu. Iache siku 7 hadi 10 kwenye mfuko wake uliofungwa, kisha ina wiki kama tatu nzuri. Kadiri inavyozeeka utasaga laini zaidi ili kuufukuzia mtiririko ule ule. Ukinunua nyingi, igawe, ifunge isipate hewa, weka kwenye friza.

Mkahawa pia unakupa kile ambacho jikoni kwako hutakipata: kuonja bila kununua mfuko mzima. Wiki hii wana kahawa ya Ethiopia iliyooshwa, yenye harufu ya maua na ndimu. Wiki ijayo ya Brazili, nzito, ya karanga na kakao. Nyumbani ungekwama na mfuko mmoja mpaka uishe. Lakini nawe uwe mteja. Kuna watu wanaagiza kikombe kimoja wanakaa na kompyuta mpaka jioni, wameshika meza ya watu wanne, halafu mkahawa ukifungwa ndio wa kwanza kuandika masikitiko. Na saa ya foleni maswali yako ya gramu yaweke mfukoni.

Utajuaje kama mkahawa wenyewe ni wa kuamini? Mimi natazama bomba la mvuke. Barista akimaliza maziwa akalifuta kwa kitambaa na kulipuliza hapo hapo, nakaa. Likiwa na ukoko mweupe wa maziwa ya saa mbili zilizopita, naagiza chai.

Hilo la bomba linakuhusu na wewe. Maziwa yenyewe sitakuchosha nayo: ingiza hewa sekunde chache za mwanzo tu, kisha yazungushe mpaka jagi likaribie kukuunguza, nyuzi 60 au zaidi kidogo, basi, yakivuka 70 utamu unaondoka. Maji ndiyo usiyapuuze. Yenye chokaa nyingi yataziba mashine yako mirija kwa mirija. Na usikimbilie yale yaliyokenekwa. Hayana madini, kahawa yake inapwaya, na vihisi vya mashine nyingi vinahitaji madini hayo ili kutambua kwamba tangi lina maji. Chujio linalopunguza chokaa linatosha. Kila ukimaliza, gonga unga utoke, pitisha maji matupu, futa ule mpira wa juu, pale kishikio kinapofungwa. Mafuta ya kahawa yakiganda pale yanakuwa machungu, nawe utabadilisha buni na kinu bure.

Basi kabla hujalipa, nitumie picha ya kikapu cha hiyo mashine kwa chini. Kikiwa na tundu moja, muulize muuzaji swali nililokwambia. Na hela ya kinu mwambie dada aishike yeye.

Shemeji yako.