Tawi lenye kahawa

Marangu, Jumamosi jioni, Februari

Ndugu yangu Elia,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini hamjambo huko Mwanza, wewe na shemeji na wale wajukuu watundu. Sisi tu wazima. Mama Neema goti linamsumbua, ila mdomo haujaguswa, mshukuru Mungu kwa niaba yangu. Najua nimekaa kimya tangu Agosti. Usinisute, maana na wewe hukupiga. Tuhesabu tumelipana.

Ningekutumia sauti kwenye simu kama wafanyavyo watu siku hizi, lakini nakujua. Utaifungua ukiwa ndani ya daladala, konda anagonga bati, utasikia nusu kisha utanijibu "Amina". Jambo lenyewe halitaki Amina. Nimetafuta karatasi, nimemfukuza mtoto mezani, nimekaa.

Habari za Mama Upendo nadhani zilikufikia. Yule mvulana wake wa mwisho, aliyebaki nyumbani, pikipiki, wiki moja kabla ya Krismasi. Sirudii, maana hata kuandika mkono unakataa. Tulimzika kihambani, kwenye shamba la nyumbani, upande wa chini, karibu na baba yake. Mvua ya vuli ilikuwa bado haijaisha na kaburi lilituteremkia mara mbili kabla hatujamaliza kuchimba.

Sasa sikia nilichofanya mimi. Katikati ya Januari jumuiya yetu ilisali kwake, na zamu ya neno ilikuwa yangu. Sikujiandaa sana. Nilijiambia, huu ni msimu wa kupogoa, kila mtu ana msumeno mkononi, nitachukua Yohana 15. Unajua tena ugonjwa wetu mimi na wewe. Nikasoma mzabibu na mkulima, nikafunga Biblia, nikaanza kuieleza kahawa. Nikasema mti usiopogolewa huwa msitu. Nikasema mkono wa mkulima unauma lakini unapenda. Watu wanaitikia kwa vichwa, na mimi nikazidi kupata upepo. Kisha nikamgeukia mwenye nyumba, mbele ya watu wote, nikamwambia, "Mama, Bwana anakupogoa ili uzidi kuzaa."

Elia, pakawa kimya. Nikadhani ni kimya cha kuguswa. Akaweka kitambaa chake pajani, akakikunja mara mbili, akasema taratibu kabisa, "Mzee, mimi nimepogoa kahawa tangu sijaolewa. Tunakata maotea, tunakata tawi lililokauka, tunakata lililozeeka. Tawi lenye kahawa hatulikati."

Basi. Hakulia, hakunigombeza. Akasimama akaenda kuangalia chai.

Mwinjilisti akatuombea upesi upesi tukatawanyika. Njiani hakuna aliyenisemesha, isipokuwa babu wa mfongo, yule wa mfereji wetu wa maji, naye alinisemesha habari za zamu ya maji, kwa huruma tu nadhani. Mama Neema alisubiri tufike nyumbani, akavua viatu, ndipo akasema, "Leo umejipogoa mwenyewe." Nililala nimegeukia ukutani.

Nakuandikia wewe kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha mchezo huu, au mimi ndiye niliyekufundisha, sikumbuki. Unakumbuka lile daftari? Tulipokuwa tunafundisha watoto Jumapili, tukajiwekea sharti kwamba chochote tutakachokutana nacho kati ya kanisani na sokoni lazima kitoe funzo, hata kama ni pancha. Kandili yenye masizi, utambi hauna kosa, safisha kioo. Mgomba unazaa mara moja tu, unakatwa, lakini miche iko miguuni pake tayari, na shina lake linakuwa maji ya ng'ombe. Mfongo: neema hutoka juu. Tuliokota mafunzo kama watoto wanavyookota maparachichi chini ya mti, na mengi yalikuwa yameoza upande wa pili. Huo mfongo kwa mfano, sisi wawili vihamba vyetu viko juu. Nenda kamwambie wa bondeni kwamba neema ni kama mfongo. Atakuuliza, ile inayonifikia saa nane usiku, imebaki matope, kwa kuwa wa juu wamesahau kufungua?

Na ile nyumba juu ya mwamba, uliponiandikia mwaka ulipohamia huko, nilicheka peke yangu. Ulisema ukitazama vile vilima vya mawe vya Mwanza unaona wanaojenga juu ya mwamba si wenye hekima, ni wenye mfuko mwembamba, na kubeba ndoo ya maji mpaka juu ni safari. Wewe ulianza kuona mapema kuliko mimi.

Lakini aliyetushinda sote ni yule mtoto wa fundi cherehani. Bado namsimulia. Ulisoma Mithali, "Ewe mvivu, mwendee chungu", ukauliza mvivu atajifunza nini kwa chungu. Sisi tunangoja sisimizi. Mtoto akasimama, "Atafunua chungu, atakuta hakuna kitu, atarudi shambani." Ukamwambia kaa chini. Kwa nini tulimwambia akae chini? Mtoto alikuwa amesoma mstari wenyewe kwa tumbo lake, na njia zake chungu amezitafakari kuliko sisi.

Hapo ndipo ninapozunguka kila siku tangu ile jioni. Bwana Yesu aliposema habari za mpanzi, mbele yake walikaa watu wenye udongo kwenye kucha. Akisema chachu, kuna mwanamke pale asubuhi hiyo amekanda unga. Angekosea kidogo tu wangemsahihisha, kama nilivyosahihishwa. Mimi niliutumia mti wa kahawa bila kuuangalia, na mti uko mita nne kutoka dirishani kwangu! Nilikuwa na funzo tayari mfukoni, nikatafuta mti wa kulitundika.

Na hata Biblia sikuiangalia, ndiyo inayoniuma zaidi. Usiku ule sikupata usingizi, nikawasha taa, nikafungua Yohana 15 tena. "Kila tawi ndani yangu lisilozaa huliondoa, na kila tawi lizaalo hulisafisha, ili lizidi kuzaa." Hulisafisha, Elia. Nimeusoma mstari huo miaka mingapi na kila mara mdomo unasema "hulisafisha" na kichwa kinasikia "hulikata". Na mstari unaofuata, "Ninyi mmekwisha kuwa safi kwa sababu ya lile neno nililowaambia." Kwa hiyo kinachosafisha pale ni neno, si jeneza. Mama Upendo hakuwa ameushika mstari, alikuwa ameshika msumeno tu, na akawa karibu na Maandiko kuliko mzee wa kanisa. Nilitaka kumwamsha Mama Neema nimwambie, nikakumbuka viatu, nikanyamaza.

Siku tatu baadaye nilikata isale, lile jani letu la kuombea msamaha. Ndiyo, lile lile la mpakani. Najua vijana wetu wengine wanasema ni mambo ya kale, na mchungaji mmoja tuliyepata hapa aliwahi kulipiga marufuku kabisa kwenye usuluhishi. Mimi sina ugomvi nao. Ila sikuwa na maneno mengine, maneno yalishaharibu. Nikalifunga fundo kama alivyokuwa akifunga baba, nikaenda nalo asubuhi kabla ya watu hawajaanza kupita. Alikuwa anafagia uani. Akaliona mkononi kabla hajaniona mimi usoni. Akalipokea kwa mikono miwili. Hakusema nimekusamehe. Alisema, "Kahawa yangu haijapogolewa. Aliyekuwa anapogoa ni yeye."

Usinitake funzo la isale. Nimejizuia na wewe jizuie.

Basi nimekwenda kwake Jumatatu nne mfululizo. Miti yake ni ya zamani, aliyopanda baba mkwe, mirefu, inashikwa na ugonjwa wa chulebuni kila mwaka. Kijana alikuwa anataka kuing'oa alete miche ile mipya ya watafiti wa Lyamungo isiyoshikwa. Yeye hataki ing'olewe mwaka huu. Nilimwelewa. Kwa hiyo tunasafisha mmoja mmoja. Mimi nakata, yeye anaonyesha kwa kidole. Ujue nilijidhani najua kupogoa. Anasimama mbali kwanza, anauzunguka mti mzima, ananiambia nisiguse kitu mpaka nijue mwanga unaingilia wapi. Maotea yanajulikana, yamesimama wima kama fimbo, laini, majani makubwa ya kujivuna, yanakunywa maji na hayazai. Hayo unaweza hata kuyavunja kwa kidole gumba yakiwa machanga. Lakini kuna tawi moja nililiona kavu, rangi ya jivu, nikaweka msumeno, akasema, "Subiri." Akakwangua ganda kwa ukucha. Chini kijani. Akaliacha. Hakusema kitu kingine, akahamia mti wa pili.

Na mti mmoja ule wa pembeni ya choo tuliufanya kisiki. Ulikuwa umechoka kabisa. Tumekata kimo cha goti hivi, mkato wa mshazari ili maji ya masika yasituame juu yake, tukaacha tawi moja lenye majani ili usikauke wote. Ndipo aliponiuliza, mimi nimepiga goti nafuta unga wa mbao, "Mzee, ile Ayubu iliyosomwa siku ya mazishi. Waliisoma yote?"

Unaijua. "Kwa kuwa yako matumaini ya mti, ya kuwa ukikatwa utachipuka tena." Mhubiri alisimama hapo, na pale makaburini ulipendeza sana mstari huo, migomba imetuzunguka. Mama Upendo usiku alienda kuutafuta mwenyewe, akaendelea chini. Mstari wa 10, "Lakini mwanadamu hufa, na kufariki dunia, Naam, mwanadamu hutoa roho, naye yupo wapi?" Kumbe Ayubu hakuuleta mti kututuliza. Aliuleta kulalamika! Mti unachipuka, sisi hatuchipuki, ndicho anachosema. Na mhubiri alikata palipo na kijani akaacha, kama mimi. Sikumlaumu, huyo ni ndugu yetu na siku ile alikuwa analia mwenyewe.

Akauliza, "Naye yupo wapi?" Hakuuliza kwa ubishi. Aliuliza kama mtu anayeuliza ufunguo umewekwa wapi.

Nilijua jibu la katekisimu, ninalo tangu kipaimara. Ningeweza kulitoa. Nikaona mdomo unafunguka, nikakumbuka tawi lenye kahawa, nikasema, "Ayubu naye aliuliza." Akaitikia kwa kichwa, tukaendelea na kazi. Kisha akaniletea mtori, na ulikuwa na nyama, wakati nyumba ile haijachinja tangu matanga. Nilikula nikiona aibu.

Sijui kama nilijibu au nilikimbia. Hiyo ndiyo sababu ya barua hii yote, ndugu yangu, hayo mengine ni kuzungukazunguka.

Halafu sasa wamenipangia neno tena. Si jumuiya, ni kanisani, Jumapili ya tatu kuanzia kesho, mchungaji anasafiri. Nilikataa, wakacheka wakidhani ni unyenyekevu. Mama Upendo atakuwa amekaa benchi lake lile la kushoto, chini ya dirisha, na mimi nitakuwa mbele nina kinywa hiki hiki. Nimewaza kusoma Ayubu 14 yote bila kuhubiri, kisha tuimbe, tutoke tukanadi mikungu ya ndizi. Mama Neema anasema watu watadhani nimepatwa na shinikizo la damu.

Nisaidie. Lile daftari bado unalo? Nakumbuka ulihama nalo, lilikuwa na jalada la bluu na doa la mafuta ya taa. Kama lipo, mwambie mjukuu alipige picha kurasa zake anitumie, nataka kuona tuliandika nini juu ya kahawa, na kama kuna mahali popote tuliwahi kuandika kwamba tumemuuliza mwenye shamba. Wewe ungemjibuje Mama Upendo pale kwenye kisiki? Ungemrukisha mpaka 1 Wakorintho 15, "haihuiki isipokufa", au ungeogopa mbegu kama mimi ninavyoogopa matawi sasa? Paulo naye si ametumia mbegu, na hatumlaumu, kwa nini? Huko ziwani wavuvi wakikusikia unahubiri nyavu na jarife, wanakusahihisha au wanakuheshimu tu? Mguu wako umepona? Na utakuja lini? Pasaka? Ukija uje na dagaa, wale wakavu kweli, si wale uliotuletea mara ile wakiwa na mchanga, Mama Neema bado anawataja.

Kisiki nilikipitia jana. Bado. Ni wiki mbili tu, na jua ni kali, kilele cha Kibo kimevuliwa nguo kabisa. Mama Upendo alikuwa ameweka majani makavu ya mgomba kukizunguka, na ndoo ya maji ya kuoshea vyombo imewekwa pembeni.

Msalimie shemeji. Msumeno ninaotumia ni ule wa mdogo wako, niliuazima mwaka juzi, akikupigia usimwambie uko kwangu.

Ni mimi,
Baba Neema