Safari isiyo na msiba wala harusi

Berlin, Jumapili usiku

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepata nafuu na mvua za huko hazijakufungia ndani. Mimi sijambo. Baridi ipo, ila nimeshaizoea kiasi cha kutoka bila kofia, jambo ambalo nakuomba usinigombeze kwenye simu.

Utashangaa kuona karatasi wakati tumeongea asubuhi ya leo. Lakini kwenye simu, Mama, tukimaliza kuulizana nimekula nini na nani kafiwa, bando limekwisha. Hili la leo linahitaji nafasi. Barua inaletwa na mwenzangu anayerudi nyumbani wiki ijayo. Kaka akusomee yote, asiruke, maana najua atataka kuruka wapi.

Majuma mawili yaliyopita niliingia kwenye makumbusho ya viumbe na mambo ya asili hapa Berlin. Miaka sita nimepita mbele yake na tramu bila hata kugeuza shingo. Siku hiyo mvua ilinikuta njiani, nikaingia kujikinga tu. Ukumbini nikakutana na mifupa ya dinosaria aliyesimama, kwenda juu mita 13 na zaidi. Hakuna mwingine duniani aliyesimamishwa hivyo akamzidi kimo. Nikainua uso mpaka kofia ikataka kudondoka (siku hiyo nilivaa). Kisha nikasoma kibao: Tendaguru, Tanzania. Mama, yule mnyama ni wa Lindi!

Wajerumani walimchimbua huko kati ya 1909 na 1913, vita vya Majimaji vikiwa ndiyo kwanza vimetulia. Mifupa ilibebwa na watu wetu, kichwani na mabegani, siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, safari moja baada ya nyingine, ikapakiwa melini. Aliyewasimamia wachimbaji alikuwa mwenyeji, Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 ndipo wataalamu walipoipa aina moja ya dinosaria jina lake. Alisubiri karibu miaka mia.

Pembeni yangu alisimama bibi mmoja na mjukuu wake. Nikamwambia, kifua mbele, kwamba huyu natoka naye nchi moja. Akafurahi, akaniuliza Tendaguru pakoje. Nikajibu ni kusini. Akasubiri. Nikaongeza kuwa kuna joto. Joto, Mama! Hata jiko la mkaa lina joto.

Kwenye tramu ya kurudi nikaanza kuhesabu sehemu za nchi yangu ninazozijua kwa miguu yangu. Morogoro. Dar. Dodoma mara moja, kwenye usaili, nikarudi na basi la jioni. Ifakara kwenye mazishi ya Shangazi, tukafika usiku na kuondoka alfajiri, kwa hiyo ninachokumbuka ni taa za pikipiki na vilio. Mikumi nimeiona kwa sababu barabara imepita katikati ya mbuga: pundamilia wawili, matuta, kisha usingizi. Basi. Vidole vya mkono mmoja vikatosha. Huku nimeshafika Paris, Prague, na mji mdogo wa kaskazini uitwao Papenburg.

Huo wa Papenburg ndio ulionifanya nishike kalamu. Nilifika mwaka jana nikimsindikiza mfanyakazi mwenzangu kwao, nikaambiwa ni mji wa watengeneza meli. Unakumbuka Baba alivyokuwa akisema, "Liemba ilikuja Kigoma kwa treni"? Tulicheka mpaka tukalia. Meli ipande treni! Tukamwambia Baba anatudanganya, naye akanyamaza akaendelea na chai yake. Kumbe kweli. Iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar, na kutoka hapo reli ikaichukua kuelekea Ziwa Tanganyika. Ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili adui asiipate. Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina hilo la Liemba. Hiyo ndiyo meli Baba aliyokuwa akiiona kila treni yake ilipofika mwisho wa reli. Nilisimama kando ya mfereji pale Papenburg nikatamani kumpigia simu nimwombe radhi.

Kigoma sisi tuliijua kwa ulimi. Baba akirudi zamu, tunakimbilia kikapu: mawese, dagaa, na asali ya Tabora kwenye chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi. Tulijua ladha ya nchi nzima ya magharibi na hatujawahi kuikanyaga. Pasi za familia za kupandia treni zilikuwepo, nazo tulizitumia, ila hesabu mwenyewe: kila mara ilikuwa msiba, au harusi, au kumpeleka mtoto shule. Kwetu mtu haondoki bila sababu. Ukisema unakwenda mahali kupaona tu, watu wanakutazama kama umefukuzwa kazi.

Na mimi nikija likizo nakuwa vilevile. Mara ya mwisho nilikaa wiki tatu kwenye kochi moja. Asubuhi wageni, mchana wageni, jioni kadi za michango. Siku nne zikaishia kwenye foleni ya karatasi moja, nikaambiwa mhusika katoka. Siwalaumu wageni, nawapenda, na walikuja kwa upendo. Lakini nilirudi huku nikiwa nimeona sebule yetu na uwanja wa ndege, wakati ndege ile ile iliyonileta ilijaa wazungu waliokuwa wakionyeshana ramani ya Serengeti.

Sasa ombi lenyewe. Nakuja Julai, wiki nne, wakati wa kiangazi. Wiki ya kwanza ni ya nyumbani, waje wote, nitakaa kochini. Wiki ya pili, Mama, nataka tupande treni mimi na wewe mpaka Kigoma. Siyo ile mpya ya umeme, ambayo kwa abiria haijavuka Dodoma. Nataka ile ya zamani, ya Baba, inayojikongoja. Nitakata daraja la pili, tulale, magoti yanyooke. Nataka niamke Saranda nione kama kuku wanaouzwa dirishani ni kama alivyowasifia. Nataka tufike Tabora, tununue asali wenyewe. Nataka kuvuka Mto Malagarasi kukiwa na mwanga.

Tukifika tutakaa siku nne. Ujiji ni pua na mdomo na Kigoma mjini. Ziwa lenyewe lina kina cha mita 1,470, ni ziwa Baikal la Urusi peke yake linalolizidi duniani, na wewe hutalazimika kupanda mtumbwi wowote. Gombe, kwa sokwe, kunafikika kwa boti tu, kwa hiyo huko nitakwenda peke yangu asubuhi na kurudi jioni, wewe ukila migebuka.

Wiki ya tatu nakwenda kusini, Kilwa na Lindi, na kutoka Lindi nitafute wa kunifikisha Tendaguru. Ni kama kilomita 60 kuingia bara. Najua nitakuta kilima na pori, sitegemei kibanda cha tiketi. Nataka tu nikiulizwa tena niwe na la kusema zaidi ya joto. Hiyo sikulazimishi.

Najua utakachosema. Kwanza, hela. Hela nimeitenga tangu Oktoba, haigusi ada ya mtoto wa Dada wala bati za jikoni. Pili, watu watasema nini, mjane na bintiye wanazurura na treni. Waambie unakwenda kuona alikokuwa akilala mumeo miaka 22. Hapo nadhani watanyamaza, na wasiponyamaza tutakuwa tumeshapita Kilosa. Tatu, kuku nani atawaangalia. Kaka, unasoma hapa? Wewe.

Usinijibu kwa haraka. Ila mwambie Kaka afungue kabati la juu, nyuma ya mablanketi, atoe ile chupa ya chai ya Baba, ya bluu yenye mkono uliofungwa waya. Aitie maji ya moto usiku, asubuhi aonje kama bado yana joto. Kizibo kikiwa kimepotea aniambie mapema, nitafute huku kinachoingia.

Wasalimie wote, na majirani.

Mwanao wa pili.